Tufumbe Macho, Tusemane

Mimi ni kitinda mimba. Kwa mila yetu Wachagga, mtoto wa mwisho wa kiume ndiye huachiwa nyumba ya wazazi, na migomba inayoizunguka, na ng'ombe aliyeko bandani, na mzazi atakayekuwa bado hai. Kaka zangu walipewa vihamba vyao, mashamba ya ukoo, zamani, wakaviwekea walinzi, wakateremka zao Arusha na Dar es Salaam. Huku Machame nikabaki mimi. Watu wananionea wivu eti nimerithi mji. Hawajui kwamba mji huu una ibada ya saa kumi na moja alfajiri, na mrithi haruhusiwi kuchukua nyumba akaacha ibada.

Utaratibu ni wa Mama, ambaye ana miaka themanini na ushee na hajawahi kuchelewa kuamka. Kila alfajiri wimbo mmoja wa kitabu cha Mwimbieni Bwana, beti zote, hakuna kuruka; kisha sura moja ya Injili; kisha maombi. Isaya na Ezekieli anawaachia wachungaji, maana wao wamesomea. Sisi wa nyumbani tunashika Injili tu: Mathayo sura 28, Marko 16, Luka 24, Yohana 21. Jumla 89. Tukianza Mathayo tarehe mosi Januari, tunamfunga Yohana tarehe 30 Machi, na kesho yake tunamkuta tena Ibrahimu akimzaa Isaka. Hesabu hiyo niliipiga wakati wa maombi, kwa vidole, mikono nikiwa nimeificha kwenye blanketi. Watu wa Dar wanaosifia hali yetu ya hewa hawajawahi kupiga magoti kwenye sakafu ya saruji mwezi wa saba, upepo wa Kibo ukipenya chini ya mlango.

Huyo Ibrahimu ndiye mwanzo wa vizazi arobaini na viwili, kumi na vinne mara tatu, na Mama anavipenda kuliko sukari. Anasema mtu asiyejua ukoo wake hawezi kujua mpaka wa shamba lake. Mjukuu wa miaka saba ndiye hupewa kuvisoma ili ajifunze, na kila akifika kwa Zerubabeli anakwama, tunasubiri, ng'ombe analia bandani. Kwa mzunguko huu nakutana na Zerubabeli mara nne kwa mwaka. Kaka zangu nawaona mara moja.

Marko namheshimu. Ana haraka zake, anasema jambo anaondoka, maziwa yanawahi. Luka ni msomi, na ana lile tatizo la wasomi: sura yake ya kwanza ina aya 80, hakuna sura ndefu kuliko hiyo katika Agano Jipya lote. Kwa ratiba yetu inaangukia tarehe 14 Februari, siku ambayo wenzangu huko mjini wanawapelekea wake zao maua. Mimi na mama watoto tunasoma habari za kuhani Zakaria, aliyebisha kidogo tu mbele ya malaika akafungwa ulimi mpaka mtoto alipopewa jina. Wanawake wote wawili wa nyumba hii waliinua macho kutoka kwenye Biblia wakanitazama.

Lakini sura sizilalamikii. Sura iliandikwa, ina mwisho wake. Ninachokilalamikia ni maombi, kwa sababu kwetu maombi ndiyo mahali pekee ambapo mtu anaweza kukusema dakika kumi mfululizo na wewe huruhusiwi hata kufumbua jicho. Kwenye kikao cha ukoo ungenyoosha mkono. Kwa balozi ungeleta shahidi. Hapa ukikaa kimya, kimya kinahesabiwa. Ukisema "Amina", umekiri.

Mama anaanza kwa kushukuru. Anashukuru kwa usiku, kwa pumzi, kwa mvua, kwa kahawa hata kama haina bei. Halafu sauti inashuka kidogo na mimi najua tumefika. "Ee Baba, unamwona mtumishi wako mmoja humu ndani, simtaji jina, ambaye juzi aliaga anakwenda Kwasadala kununua pumba za ng'ombe, akarudi saa tatu usiku bila pumba." Hamtaji jina! Wanaume humu ndani ni wawili, na yule mwingine ndiye wa kule kwa Zerubabeli.

Mke wangu yeye hana maneno mengi. Anamwomba Bwana awape uvumilivu akina mama wa nyumba hii. Basi. Akina mama wenyewe ni yeye na Mama, na wote wawili wanaitikia "mmh" kwa pamoja. Binti yetu aliyeko sekondari, akiwa likizo, anamshukuru Mungu kwa afya ya baba, anaombea safari yake ya kurudi shule, halafu anamkumbusha Mungu kiasi cha ada kinachodaiwa, mpaka shilingi mia tano ya mwisho. Sijui ni lini Mungu alifanywa mhasibu wa shule, lakini mwenye kusikia ujumbe ni mimi.

Nilijaribu kuwajibu kwa Maandiko yenyewe. Tulipofika Mathayo sura ya sita, nikasema kwa adabu zote kwamba, Mama, hapa Bwana anatuelekeza mtu aingie chumbani kwake, afunge mlango, aombe kwa siri, tena asirefushe maneno kama watu wa mataifa. Na sala aliyoifundisha papo hapo, ukiisema taratibu kabisa, haimalizi dakika moja. Mama akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Umefafanua vizuri, mwanangu. Tuombe." Akaomba nipewe moyo wa kutenda nilichofafanua. Akaanzia kwenye kihamba, akapita Nkwarungo kanisani, akateremka Boma Ng'ombe, akamfuata kila mjukuu mji aliko, akavuka bahari mpaka Ujerumani kwa binamu yangu, akarudi kwa ndege nyingine akatua tena juu yangu na zile pumba.

Nikabadilisha mbinu. Nikapendekeza tuwe tunafungua Redio Sauti ya Injili, iko hapo Moshi tu, wana masomo mazuri, kila mtu asikilize akiwa chini ya blanketi lake. Hapo nilikuwa nimemchokoza mtu wa historia. Mama ni wa kizazi kilichoipata Sauti ya Injili kwa masafa mafupi, ikirushwa kutoka Addis Ababa tangu mwaka 1963, vipindi vya Kiswahili vikitayarishwa Moshi. Mwaka 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia ikaichukua stesheni nzima. "Siku hiyo," akaniambia, "waliokuwa na redio walibaki na redio. Waliokuwa na Biblia waliendelea na sura iliyofuata." Akaongeza kwamba wamisionari wa Leipzig walifika hapa Machame mwaka 1893, na mwaka 1920 Waingereza wakawaondoa kwa sababu ya vita vyao, na walioshika ibada katika miaka ile walikuwa walimu wenyeji na wazee wa majumbani, alfajiri, kwenye baridi hiihii. Sasa mtu atajiteteaje? Unalalamikia magoti yako unaletewa Vita Kuu ya Kwanza.

Huyo binamu wa Ujerumani naye ana makosa yake. Amepata huko kile kitabu cha Wamoravian wa Herrnhut chenye mafungu ya kila siku, ambacho hutoka kila mwaka tangu 1731. Fungu la Agano la Kale huokotwa kwa kura, kutoka kwenye chombo chenye mafungu mengi, tena mapema kabla mwaka wenyewe haujafika. Yeye anatutumia kwenye kundi la ukoo kila asubuhi. Kaka zangu wanaitikia kwa vile vimikono viwili vilivyobanana, na hiyo ndiyo ibada yao ya siku, sekunde tatu, wakiwa kwenye foleni ya magari. Mama husomewa fungu hilo wakati wa chai. Siku ya pili baada ya mambo ya Kwasadala likatokea fungu linalomsema mtu mvivu. Yaani kuna mtu huko Herrnhut alitia mkono kwenye chombo akaokota kesi yangu kabla sijaitenda.

Sasa nije kwa Baba Mdogo. Yeye ni mdogo wake marehemu Baba, kihamba chake na chetu vinapakana, na mpaka wetu ni mstari wa mimea ya masale kama mipaka yote ya huku. Kuna sehemu karibu na mfongo, mfereji wetu wa maji, ambapo mstari huo umepinda. Nani aliupinda, lini, na kwa jembe la nani, hayo yako kwa balozi.

Mzunguko wa tatu wa mwaka unaanza tarehe 28 Juni, kwa hiyo Mathayo sura ya tano inaangukia mwanzoni mwa Julai. Wiki hiyo ibada ya nyumba kwa nyumba ya mtaa wetu ilikuwa zamu yetu. Sebule imejaa, mwinjilisti yupo, wazee wa kanisa wapo, Baba Mdogo yupo kwenye kiti kilekile cha marehemu. Tukasoma pale Bwana anaposema ukiwa umepeleka sadaka madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka uende ukapatane naye kwanza. Mwinjilisti akaomba watu wawili watuongoze kwa maombi. Baba Mdogo akawahi.

Akawaombea wagonjwa wa hospitali, akamwombea Rais, akaombea kahawa. Kisha akasema, "Na wale wanaosogeza masale usiku, Bwana, uwasamehe, kwa kuwa wanafikiri sisi tumelala." Chumba kizima kikasema "Bwana, sikia." Nilisikia viti vikilia, watu wakigeuka upande wangu macho yakiwa yamefumbwa.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwenye maombi mshindi ni anayefunga. Kabla hajamalizia "Amina" nikawa nimeshasema "Tuendelee kuomba." Nikashukuru kwa ajili ya wazee wetu, hazina yetu. Nikaomba wapewe macho mazuri ya kuona mstari ulionyooka hata wakiwa na umri mkubwa. Nikaombea maji ya mfongo, yafuate zamu zilizopangwa, yasigeuzwe saa nane za usiku na watu wanaodai wenzao ndio hawalali. Nikataka kuingia na habari ya mgomba wangu uliokatwa, lakini mwinjilisti, ambaye ni kijana lakini amekwishaona mengi, akaanzisha Sala ya Bwana kwa sauti ya juu, na watu wote wakamfuata mbio. Tulipofika pale pa kusameheana, mimi na Baba Mdogo tulisikika kuliko wote.

Jioni akaja mjukuu wa Baba Mdogo ameshika jani la sale. Kwa mgeni wa mila zetu nieleze: Mchagga akikuletea jani la sale anaomba yaishe, na huruhusiwi kukataa, hata kama uliibiwa ng'ombe. Mama akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya Biblia, akasema sura ya tano imetimia siku hiyohiyo. Mimi nililichunguza jani lile. Lilikuwa bichi kabisa. Nikatembea mpaka mpakani nikakuta limekatwa kwenye mche ulioko palepale panapopinda, upande wangu. Mtu ameniomba radhi kwa mali yangu, na nimemsamehe, na mstari bado umepinda.

Nimebakiza Desemba. Sura 89 mara nne ni 356, kwa hiyo mzunguko wa nne unaisha tarehe 22, na zinabaki siku tisa mpaka Mwaka Mpya. Hizo ndizo siku ambazo Wachagga wote wa dunia hii wanapanda mlima kurudi nyumbani, magari yamepangana kuanzia njia panda. Nilidhani siku tisa zile zingekuwa za mapumziko. Mama anaziita siku za nyongeza, na humo anasoma sura anayotaka yeye. Mwaka jana, kaka zangu walipofika na familia zao, alichagua Luka kumi na tano.

Mnaijua: mtoto aliyechukua mali yake akaenda mbali, akarudi, akachinjiwa ndama, na yule mwingine aliyebaki nyumbani miaka yote akitumika akanuna nje kwa kuwa hajawahi kupewa hata mwana-mbuzi. Kila mchungaji niliyemsikia amemsema vibaya huyo aliyenuna. Mimi nataka nione mchungaji mmoja tu aliyewahi kukata majani ya ng'ombe siku ya Krismasi wenzake wakiwa wamelala. Tena ya kwetu ni mbaya zaidi, maana yule aliyerudi alirudi anaomba kazi. Hawa wanarudi na gari, wanauliza kwa nini choo hakina maji ya moto.

Mama akamwomba kaka mkubwa afunge kwa maombi, kwa kuwa ni mgeni. Akasimama na koti lake la Dar. Akashukuru kwa safari, kwa biashara, kwa watoto, na mwisho akasema, "Na tunakushukuru, Bwana, kwa ajili ya mdogo wetu, ambaye wewe katika hekima yako umempa nafasi ya kupumzika hapa nyumbani na Mama."

Nikavuta pumzi niseme "Tuendelee kuomba." Mke wangu akanikanyaga mguu. Watu wote wakasema "Amina", Mama kuliko wote, na kaka akafumbua macho akanishika bega: mbuzi wa supu ya kisusio yuko nyuma ya gari, nani ataenda kumshika miguu?