Washindi wa Novemba

Mwaka 1999, Chris Baty na wenzake 20 wa San Francisco waliamua kuandika riwaya kwa mwezi mmoja. Walianza Julai, mwaka uliofuata wakahamia Novemba, baridi ikimpa mtu sababu ya kujifungia ndani. Ndipo ikazaliwa NaNoWriMo na sharti lake kuu: maneno 50,000 kwa siku 30. Mazuri? Hilo halimo.

Sharti hilo limezaa ufundi wa aina yake. Hesabu inadai maneno 1,667 kila siku, uwe na la kusema au usiwe nalo. Basi mhusika aliyekuwa Bob tu katika sura ya kwanza, kufika wiki ya tatu, anaitwa kwa majina yake yote matatu, hata na mkewe, hata chumbani. Anaota ndoto ndefu. Asubuhi anamsimulia jirani ndoto ile ile, na jirani, mtu wa subira, anaomba irudiwe.

Ukifika 50,000 ulikuwa mshindi, na cheti ulipewa. Aliyethibitisha ilikuwa programu iliyohesabu bila kusoma, bahati yake.

Haki isemwe: *The Night Circus* ya Erin Morgenstern ilianzia humo. Ila mwenyewe aliisuka upya kwa miaka kadhaa kabla ya kuchapishwa 2011, jambo ambalo washindi wengi hawakupenda kukumbushwa tarehe 1 Desemba, bahasha ya kwenda kwa mchapishaji ikiwa tayari mkononi.

Machi 2025 shirika lililoendesha NaNoWriMo lilitangaza kufunga milango. Fedha zilipungua, maneno yalikuwepo tele.