Asilimia ya Nini?

Kama nawe una shemeji, utanielewa. Wa kwangu watoto wamempa jina la Mjomba Asilimia, maana hamalizi sentensi bila hesabu. Ukimpigia simu anasema kafika kwa asilimia 90, huku nyuma yake unamsikia konda wa Mbagala bado anaita abiria. Dada yake, Mama Neema, humwamini kila mara, na wakikubaliana hao wawili, mimi natafuta viatu tu tuondoke.

Jumamosi moja alikuja anahema. Kuna duka Kariakoo linauza sufuria la umeme la presha. Bei shilingi 240,000, limepunguzwa asilimia 50, na anayelipa taslimu anapunguziwa tena asilimia 20.

"Shemeji, hiyo ni asilimia 70! Tunalipa 72,000 tu!"

Mama Neema akavunja kibubu, akahesabu 72,000 kamili. Tukapanda daladala watu watano, na kitindamimba wetu, Bosi, nimempakata.

Dukani keshia akadai 96,000. Mjomba akapandisha sauti, foleni nzima ikageuka. Yule binti akatugeuzia kikokotoo bila kusema neno. Zilipungua 24,000, zikatoka kwenye bahasha ya viatu vya shule vya Bosi.

Tuliporudi, Neema, ambaye tunamwita Profesa tangu ajue kusoma, alimwaga maharage kwenye sinia. Akahesabu mia.

"Mjomba, toa nusu."

Akatoa hamsini.

"Sasa toa asilimia 20."

Mjomba akaanza kuchota ishirini. Profesa akamshika mkono. "Ishirini ni kama yangekuwa bado mia. Hapa yapo hamsini. Toa kumi."

Yakabaki arobaini. Lile punguzo la pili lilikatwa kwenye bei iliyokwisha kukatwa, kwa hiyo yote mawili ni asilimia 60. Mjomba aliyatazama yale arobaini mpaka chai yake ikapoa.

Neno asilimia limebeba mia ndani yake, lakini mia ya kitu gani? Hilo ndilo swali tunalosahau kuuliza. Bosi aliwahi kugoma kunawa kabla ya kula kwa sababu alikwisha kunawa asubuhi, na sabuni yetu imeandikwa kwamba inaua asilimia 99.9 ya vijidudu. Vikiwa milioni moja, hiyo inabakiza elfu moja. Bakteria wa aina ya E. koli, wakipata joto na chakula cha kutosha, hujigawa kila baada ya dakika 20 hivi, na kwa mwendo huo elfu moja wanarudi kuwa milioni kwa saa tatu na dakika ishirini. Na namba kama hiyo 99.9 ya sabuni hupimwa maabara, si kwenye viganja vya mtoto aliyelowanisha ncha za vidole. Wataalamu wa afya wanataka tusugue sekunde 20. Mama Neema sasa humsimamia akihesabu kwa sauti.

Turudi kwenye sufuria. Boksi lake liliandikwa "Huokoa umeme hadi asilimia 70". Ukiambiwa hadi 70, hata tano imo. Tena linaokoa likilinganishwa na nini? Na jiko la koili, wanaeleza kwa maandishi madogo chini ya boksi. Sisi tulikuwa tunapikia mkaa. Umeme wa kupikia kwetu ulikuwa sifuri, kwa hiyo uniti za LUKU zikaanza kwisha mapema. Sufuria lenyewe ni zuri, mkaa umepungua na moshi haupo. Ila ile sentensi ya kwenye boksi haikuandikiwa nyumba kama yetu.

Fundi bomba wetu naye kamaliza kazi "kwa asilimia kubwa", na ndoo iko chini ya sinki mwezi wa pili sasa.

Hayo yote yanavumilika. Lililoniuma ni mkopo. Mjomba alikopa 100,000 kwa riba ya asilimia 10, akijua atarudisha 110,000. Kumbe ni asilimia 10 ya mkopo wote kila mwezi. Kwa miezi 12, riba peke yake ni 120,000. Aliuza baiskeli yake, na alikaa wiki mbili bila kutaja namba yoyote. Nyumba ilipooza. Tangu siku hiyo kila karatasi yenye asilimia inapita kwanza mikononi mwa Profesa, na Mjomba mwenyewe ndiye humpelekea.

Jana tulipika yaleyale maharage mia, tukaongezea kilo nzima. Mama Neema akauliza kutoka uani kama yameiva.

"Asilimia 90!" Mjomba akajibu.

"Ya nini?" Bosi akadakia.

Mjomba akanyamaza. Akafungua mfuniko, akachota harage moja kwa kijiko, akaliminya kati ya vidole viwili.

"Bado gumu, dada. Tuongeze dakika kumi."

Tukangoja dakika kumi. Yakaiva.