Sifa za Muhuri Mwekundu

Wanaosimulia habari za kufundisha Kiingereza nchini China husifu treni za kasi, maandazi ya mvuke ya asubuhi na watoto wanaosimama darasa zima kumwamkia mwalimu. Muhuri hausifiwi na mtu. Ukitajwa, hutajwa kwa msonyo. Huo ni utovu wa shukrani, maana mgeni haizoei China kwa kujua kushika vijiti wala kwa kupata marafiki. Huizoea kwa kugongewa. Chakula humkubali yeyote mwenye pesa. Muhuri ndio unaomchunguza mtu, ukamtilia shaka, ukamrudisha nyumbani akalete nakala nyingine, na hatimaye ukakiri kwamba yupo.

Tazama kazi yake. Kabla mwalimu hajapanda ndege, shahada yake na cheti chake cha tabia njema lazima vithibitishwe na ofisi za kwao, kisha na ubalozi wa China. Tangu Novemba 2023, Mkataba wa Apostille wa kutambuana hati ulipoanza kutumika China, wenye hati za nchi wanachama wameondolewa hatua hiyo ya ubalozi, maskini, wakakosa ziara nzuri. Ndipo hutoka barua ya kibali cha kazi, halafu viza ya Z, yaani ya kazi. Akishatua, sheria iliyoanza kutumika Julai 2013 humpa saa 24 kujiandikisha polisi kama hakufikia hotelini, na siku 30 kuomba kibali cha ukaazi. Katikati kuna vipimo: damu, picha ya kifua, mapigo ya moyo. Raia wa kawaida anaweza kukaa mtaani miaka asijue kituo cha polisi kiko wapi. Mwalimu mgeni hukijua mara tu anapowasili. Mwezi haujaisha, ameshajua basi la kwenda kwenye vipimo, duka la picha za pasipoti na saa ambayo makarani huenda kula. Hakuna kozi ya utamaduni inayofundisha upesi hivyo. Na faini ya utoro, inayoweza kufika yuan 2,000 kwa asiyejiandikisha, ni motisha ambayo mwalimu yeyote wa darasani angeionea kijicho.

Uzuri wake pia haujatendewa haki. Ni duara jekundu lenye nyota katikati na jina la taasisi likiuzunguka ukingo. Mkataba wa kurasa nyingi hutandazwa kama upepeo, kingo zikapishana kidogo, kisha muhuri ukagandamizwa juu ya kingo zote kwa pamoja. Kila ukurasa huondoka na kipande chembamba cha duara. Ukichomoa mmoja na kupachika mwingine, duara haliungi tena. Saini ya mkurugenzi, hata akiiandika kwa madaha, haina ujanja huo. Ndiyo maana wenyewe hawauchezei. Aprili 2020 Li Guoqing, mmoja wa waanzilishi wa Dangdang, kampuni ya kuuza vitabu mtandaoni, akigombania uongozi na mkewe, aliingia ofisini na watu wake akabeba mihuri ya kampuni. Alijua aanzie wapi. Msomaji wa Dar es Salaam aliyewahi kumsubiri mwenyekiti wa mtaa arudi msibani, muhuri ukiwa mfukoni mwake, hahitaji kufafanuliwa.

Watapinga kwamba muhuri unachelewesha, na ni kweli. Ila pasipoti ikiwa polisi, mwalimu hatangitangi nje ya nchi, anaandaa masomo. Pingamizi zito ni la ubaguzi. Kanuni zinataka mwalimu wa lugha atoke nchi ambako lugha hiyo ni ya mama, na kwa Kiingereza huhesabiwa kwa kawaida Uingereza, Marekani, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mkenya au Mganda aliyesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi na kukifundisha sekondari mara nyingi hukwama mlangoni. Kijana wa Leeds mwenye shahada ya jiolojia na cheti cha ualimu cha wiki chache hupita. Hapa sifa zangu zingeyumba, kama si kwamba muhuri hausikilizi mtu akizungumza. Unasoma pasipoti, na pasipoti haina lafudhi. Ungekuwa na masikio ungelazimika siku moja kukiri kosa, jambo lisilofaa kwa kitu cha mviringo chenye nyota. Basi aliyekwama anaweza kuajiriwa kwa mlango wa nyuma, kwa mshahara pungufu, na siku ya msako faini ya yuan 5,000 hadi 20,000 ni yake. Shule nayo hutozwa, lakini shule haifukuzwi nchini.

Husemwa tena kwamba muhuri humfanya mwalimu mateka. Anayetaka kuhamia shule nyingine huhitaji barua ya kuachiwa iliyogongwa na shule anayoiacha, na shule iliyonuna inaweza kuikalia hadi kibali kikaribie kuisha. Mimi naona mapenzi. Waajiri wengi humsahau aliyeondoka kabla kiti chake hakijapoa. Huyu humpigia simu, humsihi afikirie upya, humuuliza kama amelipa bili ya umeme. Anayeuita huo utumwa hajawahi kufukuzwa kazi kwa ujumbe wa simu usio na duara hata moja.