Jinsi ya Kutajirika kwa Midoli Ukiwa Oxon Hill

Kwanza kabisa, mtafute mtoto mharibifu. Kama unataka kuweka fedha zako kwenye midoli, basi yule mtoto anayeng'oa vichwa vya wanasesere, anayefukia askari wa plastiki mchangani na kumtafunisha mbwa magurudumu ndiye mshirika wako mkuu. Mdoli haupandi bei kwa kuwa wewe umeutunza. Unapanda kwa kuwa wengine hawakuutunza wa kwao.

Hili nililishika Jumamosi moja ya kiangazi, hapa Oxon Hill, Maryland, si mbali na barabara ya Indian Head Highway, kwenye meza ya mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anauza vitu vyake uani. Alikuwa amepanga Beanie Babies, wale wanyama wadogo wa kampuni ya Ty waliojazwa chembe za plastiki. Kila mmoja alikuwa na lebo yake nyekundu yenye umbo la moyo, na kila lebo imevalishwa kifuniko cha plastiki ngumu isije ikakunjika pembe. Nilimshika dubu wa zambarau, yule aliyetolewa mwaka 1997 kumkumbuka Princess Diana. Manyoya bado laini, ila yananuka kabati. Bei: dola 2. Nilimsikitikia sana yule mama, kwa maana hakuzembea hata kidogo. Alitunza kupita kiasi, na kila mtu alitunza vilevile. Ty walikuwa wakitangaza kwamba mnyama fulani "amestaafu", watu wanakimbilia madukani. Mwaka 1999, mume na mke waliotalikiana huko Las Vegas walichuchumaa sakafuni mahakamani, mbele ya hakimu, wakigawana Beanie Babies wao mmoja mmoja. Watoto hawakuruhusiwa kucheza nao. Basi wanyama hao wote wako hai hadi leo, na lebo zao.

Linganisha na midoli ya filamu ya Star Wars. Krismasi ya 1977 kampuni ya Kenner haikuwa na sanamu tayari, ikauza bahasha ya kadibodi yenye cheti: subiri, utaletewa mwakani. Zilipofika mwaka 1978, watoto walizicheza wakazimaliza. Ndiyo maana iliyobaki ndani ya pakiti yake ni mali. Mdoli wa Boba Fett, mhusika wa filamu hizo, wa kurusha roketi, hakufika hata madukani, kwa hofu kwamba kile kiroketi kingewakaba watoto. Mfano mmoja wa kiwandani ulinunuliwa mnadani mwaka 2024 kwa dola 525,000. Kwa hiyo kabla hujatoa pochi, jiulize: cha kwangu hiki, nani anaviharibu vingine? Ukikosa jibu, rudisha pochi mfukoni. Labubu nao, wale wanasesere wenye meno, waulizie hivyo hivyo.

Pili, pigia hesabu paa. Chumba cha chini ya nyumba huku kwetu, karibu na Mto Potomac, mwezi wa Julai kinatoa jasho kama mtu. Boksi linavimba, gundi inaachia, na boksi lililovimba ni nusu ya bei iliyokwenda. Ukikodi stoo kwa dola 60 kwa mwezi, hiyo ni dola 720 kwa mwaka, na mdoli wako sharti upande kiasi hicho ndipo urudi sifuri. Ukija kuuza, mtandao wa mauzo unakata kamisheni yake, halafu serikali ya Marekani inaweza kutoza faida ya vitu vya ukusanyaji uliokaa navyo zaidi ya mwaka hadi asilimia 28. Kwa hisa, kiwango cha juu ni 20.

Kuna utafiti wa wachumi wa Moscow uliochapishwa mwaka 2021, unaosema seti za LEGO zilizokwisha kuzalishwa zilileta wastani wa angalau asilimia 11 kwa mwaka. Watu wanaishia hapo kuusoma. Utafiti huo huo unaonyesha kwamba zipo seti zilizopoteza nusu ya thamani yake. Wewe hununui wastani, unanunua boksi moja.

Tatu, na hapa ndipo Oxon Hill inapokufaa: nenda National Harbor, hapo jirani. Kila mwaka hoteli ya Gaylord inapokea tamasha la michezo ya video la MAGFest mwezi Januari na lile la anime la Katsucon mwezi Februari, na ukumbi wa wauzaji unajaa hadi pa kukanyaga hapaonekani. Usiulize bei. Bei ya kuuza haikuhusu. Beba mdoli wako, mwonyeshe mwenye meza, sema: "Wewe ungeuchukua kwa ngapi?" Nenda siku ya mwisho, jioni, wakati wanafunga maboksi na hawana nguvu ya kubembeleza mtu. Hiyo watakayokutajia ndiyo thamani ya mali yako, na mara nyingi utahitaji kiti.

Fedha ya ada ya shule, ya matibabu ya mama, ya kumalizia kile kiwanja Kibaha, isiguse midoli kabisa.

Kwa fedha iliyobaki, nunua vidoli viwili. Mimi nilinunua viwili vya aina moja. Kimoja kiko kabatini ghorofa ya juu, mbali na unyevu, hakijafunguliwa. Cha pili binti yangu alikitoa kwenye boksi siku ile ile, akalala nacho, akakiogesha. Mkono wa kushoto wa kidoli hicho haujaonekana tangu Jumapili.