Nyamukau na Sheria Zake

Mto Nyamukau, unaokatiza mji wa Bunia, una bahati yake: haujakosa sheria. Mwaka 2011 Kinshasa ilipitisha sheria ya mazingira. Desemba 2017 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku. Mifuko yenyewe, pengine kwa kuwa haisomi Kifaransa, bado inafika sokoni, inabeba sombe na ndagala, kisha inateremka mtoni pamoja na chupa na masandali yaliyokatika.

Siku ya salongo, yaani usafi wa pamoja, wakubwa hufika na glavu mpya na beleshi lisilowahi kugusa udongo. Picha ikishapigwa, taka zilizoopolewa hurundikwa palepale ukingoni, zikingoja mvua izirudishe kwao. Na mvua ya Ituri haikawii. Huenda ndiyo idara pekee inayofuata ratiba.

Mei 2021 jimbo letu liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi kwa siku 30. Zilipokwisha, zikaongezwa 15, kisha 15 nyingine, na hesabu ikaendelea kwa miaka. Inatia moyo. Serikali inayojua kuongeza muda kwa ustadi huo haishindwi kuongeza pipa moja la taka karibu na daraja.