Watu wa Nyumbani Tu

Mavyaa wangu ana kauli moja ambayo siku hizi nikiisikia natafuta kwanza pa kukaa: "Tutakuwa watu wa nyumbani tu." Alinipigia simu mwezi wa Novemba kunihakikishia hivyo. Mtoto angetimiza mwaka tarehe 26 Desemba, nasi tungekuwa Frere Town kwa likizo ya Krismasi. Kikatwe kikeki, zipigwe picha mbili tatu, tule pilau, tulale. Nikakubali. Mimi nimelelewa Nairobi, kwenye fleti, na kwetu watu wa nyumbani ni wale wanaojua neno la siri la waifai.

Keki niliiagiza Nairobi. Mume wangu alisema Mombasa hakukosi waokaji. Nikamwambia hii ina simba. Na kweli ilikuwa naye, ameketi juu ya krimu ya siagi, manyoya yake yamechorwa unywele kwa unywele. Kwenye kituo cha treni abiria tulipanga mizigo chini, mstari mmoja, mbwa wa askari apite akinusa. Alipita kwa adabu zote, begi baada ya begi, mpaka kwenye boksi langu. Hapo akatia nanga. Askari akamvuta, mbwa akagoma. Mstari mzima ukanigeukia na yale macho ya kusema, kumbe, na mtoto mgongoni! Boksi likafunguliwa, mbwa na simba wakatazamana, askari akacheka, tukapanda.

Tuliposhuka Miritini jioni, joto lilitupokea mlangoni. Desemba ni kaskazi, na kaskazi haina huruma na siagi. Halafu likaja Daraja la Nyali, ambalo mkesha wa Krismasi huwa ni maegesho ya magari. Babu yake mtoto husema lile la zamani la kuelea, lililowekwa mwaka 1931, lilikuwa likitikisika lakini unafika. Hili la mwaka 1980 limetulia, na wewe unatulia nalo. Tulipofika Kengeleni simba alikuwa amelala chali. Friji la mavyaa lilikuwa limejaa nyama ya pilau mpaka mlango umefungwa kwa kamba, kwa hiyo simba alilala mezani, chini ya kawa. Asubuhi kilichobaki kilikuwa ngozi.

Siku hiyo ya Krismasi, ibada ikikaribia kwisha, mavyaa aliomba dakika moja ya shukrani. Wakristo wenzangu mnaijua dakika hiyo. Alimshukuru Mungu kwa uzima, kwa safari njema, kwa mwanawe kupata mke mstahimilivu (nikainamisha kichwa), kisha akasema kesho mjukuu wake anatimiza mwaka, basi karibuni chai. Kanisa zima likaitikia amina. Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa akitazama dari.

Nje nikamshika wifi mkono. "Wifi, hawa wote wanakuja?"

Akanipima kwa macho. "Kwani umeona nani hapo si wetu?"

Jibu lake lina historia. Mwaka 1872 Uingereza ilimtuma Sir Bartle Frere kumbana Sultani Barghash wa Zanzibar afunge soko la watumwa, na miaka miwili mitatu baadaye wamisheni wa CMS wakawa na ardhi yao huku bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakaipa jina lake. Manowari zilizokuwa zikikamata majahazi ya watumwa zikawa zinashusha watu hapa: Wayao, Wamakua, Wanyasa, wengi wao watoto. Waliwakuta Waafrika wengine waliokombolewa zamani na kusomeshwa Nasik, huko India. Sasa mtu ameshushwa pwani hana mama, hana shangazi, hana hata wa kununiana naye harusini. Ikabidi ndugu watengenezwe. Waliolala chumba kimoja wakawa ndugu, waliobatizwa siku moja wakawa ndugu, na vitukuu wao hawajaona sababu ya kubatilisha mpango huo. Mimi ndiye niliyekuja na keki ya watu kumi na watano. Kengele yao, iliyokuwa ikipigwa kuonya kwamba wateka watumwa wanakuja, bado iko pale kando ya barabara. Tarehe 26 haikupigwa, ingawa mimi ningekuwa na sababu.

Babu, kwa upande wake, hazipi uzito siku za kuzaliwa. Anasema babu ya babu yake aliingia Frere Town hajui alizaliwa lini, wakamkadiria kwa kumtazama meno. Akamfungua mjukuu mdomo, akahesabu manne, akatikisa kichwa. "Huyu kwa hesabu ya zamani bado bado."

Yeye ndiye aliyeshauri asubuhi ya siku yenyewe mtoto apelekwe Haller Park, kule Bamburi, akitupa sababu ya tarehe. Mawimbi ya tsunami ya tarehe 26 Desemba 2004 yalifika mpaka pwani yetu, na karibu na Malindi yakaacha kitoto cha kiboko peke yake kwenye mwamba, ana kama mwaka mmoja tu na uzito wa kilo zipatazo 300. Walimwokoa kesho yake wakamwita Owen, wakamleta Haller Park, naye akamng'ang'ania kobe mmoja mkongwe aitwaye Mzee kana kwamba ndiye mamake. "Mwaka mmoja," babu akasema, "na alijichagulia jamaa mwenyewe."

Wetu hakuchagua kiboko. Twiga alishusha shingo mpaka usawa wa uso wake, mume wangu ameshika simu tayari, mtoto akageuka upande wa pili, akajichomoa mikononi, akatua chini kwenye majani makavu ya mivinje. Alikuwa ameona jongoo. Mahali hapo palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu, na René Haller alipoanza kupanda mivinje mwaka 1971 majani yalidondoka tu yakakaa, hayaozi, mpaka majongoo walipoletwa wayale na kuyageuza udongo. Kwa hiyo najua msitu ule wote una deni kwa jongoo. Sikuona kwamba deni hilo lilipwe kwa mwanangu kumtia mdomoni. Tulimtoa mzima, jongoo namaanisha, amejikunja kwenye kiganja chenye mate, na picha pekee tuliyo nayo ya asubuhi hiyo ni ya kidole changu na goti la twiga.

Kufika saa tisa uwanja ulikuwa umejaa. Masufuria yalikuwa yameazimwa nyumba tano, na wifi alikuwa ameizungushia keki sinia za mahamri na kaimati ili macho ya watu yapotee njia. Simba naye, wifi alikuwa amemkwangua kwa kisu na kumfinyanga upya. Alitoka kitu cha manjano chenye macho mawili upande mmoja. Mtoto wa jirani, kijana wa miaka minne aliyevaa tai, akasema ni samaki. Tukakubali samaki, si tuko pwani?

Zawadi za watoto zilikuwa mabuyu kwenye vifuko vya karatasi, maana vya plastiki vilipigwa marufuku mwaka 2017. Sera nzuri, sina neno, lakini mabuyu kwenye joto hutoa jasho, na jasho la mabuyu ni jekundu. Watoto walikuwa na nguo nyeupe za Krismasi. Mama mmoja alimwona mwanawe kifuani akapiga yowe, na papo hapo mabaluni tuliyoyafunga chini ya bati la moto yakaanza kupasuka moja baada ya jingine. Wazee wawili walilala chini. Stima nazo zikaona huo ndio wakati wa kupotea, na muziki wa bango wa Mzee Ngala ukakatika katikati ya saksafoni.

Mwenye siku yake alikuwa ndani ya chandarua, usingizi wa pono, jongoo amemchosha. Nilitaka kumwamsha. "Mtoto hashtuliwi usingizini, mwanangu," mavyaa akasema. Mshumaa ulikuwa umeshawashwa na katika lile joto ulianza kuinama wenyewe. Mtu akaanzisha wimbo, uwanja mzima ukapokea, na aliyekuwa karibu na keki akapuliza. Alikuwa yule wa tai.

Kuanzia hapo mambo hayakuwa mikononi mwangu. Wageni waliochelewa kutoka Changamwe walimkuta ameshika kisu, wakampigia makofi, wakamtia noti mfukoni. "Mwaka mmoja tu," nikamsikia bibi mmoja akimwambia mwenzake, "na anaongea hivyo!" Mamake alijaribu kumrudisha nyumbani mara kadhaa, kila mara akarudi na shati jipya.

Asubuhi ya tarehe 27 alibisha hodi hata chai haijachemka, tai shingoni. Mavyaa akafungua.

"Shikamoo bibi. Leo tena ni bathdei yangu?"

Mavyaa akafikiri kidogo, kisha akaniita nitazame chini ya kawa kama samaki amebaki.