Namna ya Kuhesabu Abiria: Mwongozo kwa Mheshimiwa Mjumbe wa Tume

Mheshimiwa, hongera kwa uteuzi. Kabla hujafungua faili la meli iliyozama, njoo kwanza Ushongo, kusini mwa Pangani, ujifunze kuhesabu. Kisiwa cha Maziwe siku hizi ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji ya bamvua, kwa hiyo mayai ya kasa huhamishwa na kufukiwa upya kwenye ufuo wetu. Kiota huandikwa tarehe na idadi ya mayai, na watoto wakianguliwa huhesabiwa tena wanapokwenda majini. Kaa mchangani utazame. Hakuna hata yai moja la kukisia.

Ukishaelewa, tazama mashariki. Ng'ambo ya mkondo wa bahari iko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, na huko ndiko ilikozama MV Spice Islander I usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba. Iliruhusiwa kubeba abiria wasiofika 700. Tume iliyoichunguza ilipotoa ripoti yake Januari 2012 ilisema walikuwamo abiria 2,470. Miili iliyopatikana ni 203. Waliopotea, 1,370. Ilihitajika miezi minne na tume nzima kupata hesabu ambayo karani mmoja gatini angeipata kabla kamba haijafunguliwa.

Usiniambie kutohesabu watu huku tumekurithi kwa mkoloni. Ni kweli kwamba Agosti 1888 Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilishika forodha za pwani ya Mrima kwa mkataba na Sultani Khalifa wa Zanzibar. Ni kweli kwamba hapo Pangani wakala wa kampuni hiyo, Emil von Zelewski, alikuja na bendera, askari wa manowari na daftari la ushuru, na kwamba Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani, alinyongwa mjini humo Desemba 1889. Bandari ile ilipangwa ili pembe ya ndovu isipite bila kulipiwa, na roho ya mpagazi aliyeibeba haikuwa na safu kwenye daftari. Hayo tuyafundishe shuleni. Lakini mkoloni hakukata tiketi za Septemba 2011.

Kwa hiyo fungua kikao chako gatini Malindi, mjini Unguja, si kwenye ukumbi wa hoteli. Muite mchukuzi kabla ya mkurugenzi, maana yeye ndiye aliyepandisha magunia akaona chombo kinavyodidimia. Waite na wale walioiona meli imejaa wakakataa kusafiri nayo. Hawakuwa na cheti cha unahodha wala cha ukaguzi, walikuwa na macho tu. Kisha muulize aliyekuwa na vyeti vyote: wewe uliona nini, na nani alikwambia iende?

Jambo la pili ni jepesi hata naona haya kuliandika: nakala ya orodha ya abiria ibaki nchi kavu. Kivuko MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018, mkata tiketi alikufa pamoja na abiria wake na mashine ya tiketi ikapotea. Kivuko hicho kilikuwa cha watu 101. Waliokufa walizidi 220. Waokoaji wakawa wanatafuta bila kujua wanatafuta wangapi.

Ripoti yako iandikie tarehe ya utekelezaji, na jina la mtu kando ya kila pendekezo. Ile ya Spice Islander ilikuwa na miezi sita tu ilipozama MV Skagit karibu na Chumbe, tarehe 18 Julai 2012, boti iliyojengwa kwa ajili ya maji yaliyokingwa ya Jimbo la Washington huko Marekani ikapelekwa kupigana na kusi. Waziri wa Zanzibar aliyehusika, Hamad Masoud Hamad, alijiuzulu. Namheshimu kwa hilo. Lakini kujiuzulu kwa waziri hakuzuii meli ya kesho kujazwa kupita kiasi.

Mwisho, ripoti usiikabidhi Ikulu peke yake. Isome Wete, Pemba, uwanjani, kwa kipaza sauti, mbele ya wafiwa, jina kwa jina, ukianza na watoto. Ukikosea jina la mtu, mama yake atakusahihisha, nawe uandike. Na kama majina ni mengi na msafara wako una haraka ya kuwahi ndege, ndege iende.